Wiki ya mstaafu Misunkumilo

Neno "kustaafu" huwa linanichekesha kidogo. Wanaojua Kiarabu wanasema asili yake ni kuomba uachiliwe, kuomba udhuru. Yaani mstaafu ni mtu aliyeomba aachiwe apumzike, na akaachiwa. Sasa wewe nenda Misunkumilo pale Mpanda, kaa wiki moja na mstaafu, halafu urudi uniambie nani kamwachia nani.

Kwa wasiopajua, Misunkumilo ni kata ya Manispaa ya Mpanda, makao makuu ya Mkoa wa Katavi, ule mkoa uliomegwa kutoka Rukwa mwaka 2012. Ukisikia watu wanazungumzia bwawa la Milala na viboko wake, basi ujue wanazungumzia pande hizo. Baba yangu mkubwa anaishi huko. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, aliingia kazini enzi za UPE, ule mpango wa kila mtoto aende shule ulioanza mwaka 1977. Akastaafu mwaka 2018 alipotimiza miaka 60, kwa sababu sheria ndivyo inavyotaka. Mtaani hakuna anayemwita kwa jina lake. Ni "Mwalimu" tu, hata na watu ambao hajawahi kuwafundisha kitu.

Mama mkubwa alifariki miaka mitatu iliyopita. Tangu hapo watoto wao, ambao wote wako Dar es Salaam, wana ajenda moja: mzee ahamie Dar. Chumba kipo, kina choo ndani. Hospitali kubwa ziko karibu. Kuna dada wa kumpikia. Kila wakimpigia anasema "tutaona", na ninyi mnajua "tutaona" ya mzee maana yake nini. Ndipo kikao cha familia kikaamua nitumwe mimi. "Wewe mwandishi, kazi yako si kuuliza watu? Nenda kakae naye, umshawishi." Basi nikaenda, na daftari langu. Nikaamua kwamba kabla ya kumshawishi mtu aache maisha yake, kwanza niyaandike hayo maisha yenyewe. Siku saba, kila anapotoka nyumbani naandika: kaenda wapi, kaitwa na nani, katoa nini.

Jumatatu. Saa kumi na moja alfajiri yuko macho, anamwagilia mchicha wake. Saa mbili tuko kijiweni, chini ya mwembe, jirani na fundi baiskeli. Kahawa, kashata, bao, na redio inayozungumza peke yake. Ukipita kwa gari utasema wazee wamekaa tu. Nimekaa nao saa tatu na nimehesabu watu watano waliokuja na karatasi mkononi. Kijana mmoja ana fomu haielewi. Mama mmoja ana barua ya shule ya mwanawe. Jamaa mwingine kaleta mkataba wa kununua kiwanja, anataka Mwalimu ausome kwa sauti kabla hajaweka saini. Mzee akasoma mpaka mwisho, akavua miwani, akamuuliza: "Mipaka imeandikwa wapi? Umeuziwa kiwanja au umeuziwa karatasi?" Jamaa akaikunja karatasi yake akarudi kwa muuzaji. Malipo ya huduma hiyo ya kisheria yalikuwa kikombe cha kahawa, na mzee ndiye aliyelipa.

Jumanne ni siku ya kliniki ya presha. Ana kadi ya bima ya afya, ile wanayobaki nayo wastaafu. Wasio na bima wanategemea ile Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003, iliyosema mzee wa miaka 60 na kuendelea asiye na uwezo atibiwe bure. Kabla ya kuanza kupima, nesi anasimama mbele ya mabenchi na kutoa somo. Chumvi, mafuta, mazoezi, na hili la dawa: usiache kumeza kwa sababu tu kichwa kimeacha kuuma. Mimi nimehudhuria semina nyingi za mahotelini zenye posho na chai ya saa nne, lakini nawaambia ukweli, maswali ya pale yalikuwa makali zaidi. Mzee mmoja alitaka aelezwe kwa nini ameze dawa ya ugonjwa asiousikia. Nesi akajibu, mzee akabisha, benchi zima likaingilia. Baba mkubwa alikuwa na kazi nyingine. Pembeni yake alikaa bibi mmoja wa Kisukuma ambaye Kiswahili cha nesi kilikuwa kinampita kwa kasi. Kila nesi akimaliza sentensi tatu, mzee anamgeukia bibi na kumtafsiria taratibu. Kisukuma alijifunza ukubwani, kwenye shule alizofundisha.

Alipopimwa yeye, presha ilikuwa juu. Nesi akatikisa kichwa akaandika. Nami nikaandika, kwa sababu hilo nalo ni sehemu ya wiki.

Jumatano aliitwa shule. Walimu wa darasa la sita walitaka mzee aje awasimulie watoto historia ya Mpanda. Akavaa koti, kwenye joto lile! Akaanza kwa kuwauliza: "Nani anajua kwa nini treni inakuja Mpanda?" Kimya. Akawaambia, ilifuata risasi. Darasa zima likacheka, watoto wakaanza kupigana risasi kwa vidole. Akawaacha wamalize, kisha akaeleza kwamba risasi ni madini kabla haijawa ya bunduki. Madini hayo yaligunduliwa Mukwamba miaka ya 1930. Ili yatoke, Mwingereza akajenga tawi la reli kutoka Kaliua, kilomita 210 za pori, likafika Mpanda mwaka 1950. Miaka kumi tu baadaye mgodi ukafungwa.

Binti mmoja wa dawati la nyuma akanyoosha kidole: "Mwalimu, mgodi ulipofungwa, kwa nini reli haikung'olewa?"

Nilimwona mzee anafurahi kama mtu aliyelipwa deni. Akasema zipo zilizong'olewa. Ile ya Nachingwea kule kusini, iliyojengwa baada ya Vita Kuu ya Pili kwa ajili ya mradi wa karanga, ilifungwa miaka ya 1960, vyuma vikaondolewa. "Hii ya kwetu," akasema, "ilikuta imeshazoewa. Watu walikuwa wanaipanda kwenda kwao na kurudi. Kitu kinachopandwa na watu ni vigumu kukiondoa." Kengele ikalia na hakuna aliyesimama. Kwa wanaolijua darasa la sita, hiyo si jambo dogo.

Alhamisi, VICOBA. Mfumo wenyewe mnaujua, ulianzia Niger mwaka 1991 ukiwa mradi wa akina mama, na sasa sidhani kama kuna mtaa Bongo usio na kikundi. Hiki cha Misunkumilo wanachama wengi ni akina mama wa sokoni, na wanaume wanahesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Hisa zinanunuliwa mbele ya wote, mfuko wa jamii unachangwa, mikopo inajadiliwa kwa sauti. Sanduku la fedha lina kufuli tatu, na funguo ziko kwa watu watatu tofauti. Mmoja wa hao watatu ni baba mkubwa. Nikamuuliza mwenyekiti kwa nini yeye. Mama yule akacheka mpaka khanga ikamdondoka begani. "Mwanangu, ufunguo unampa mtu ambaye hawezi kukimbia. Kwa magoti yale Mwalimu atafika wapi?" Wote wakaangua kicheko, na mzee akacheka kuliko wote. Halafu mwenyekiti akaacha kucheka akaniangalia: "Tumesikia mnataka kumchukua." Habari za mtaani zinasafiri haraka kuliko hizi simu zetu. Sikumjibu, nikajifanya naangalia sanduku.

Ijumaa, msiba. Hapa naomba niwape takwimu kidogo, maana bila hizo hamtaelewa. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 564,604 Katavi. Sensa ya mwaka 2022 ikahesabu 1,152,958. Miaka kumi, mkoa umezidi maradufu! Wapo waliofuata mashamba, waliofuata malisho, waliofuata dhahabu, waliofuata kazi za mkoa mpya. Maana yake nini mtaani? Maana yake unaweza kuzikwa na watu ambao hawajui ulizaliwa wapi. Marehemu wa Ijumaa ile alikuwa mmoja wa hao waliokuja, fundi ujenzi, ndugu zake wako mbali na walifika wawili tu. Wakati wa kusoma wasifu ulipofika, aliyesimama ni Mwalimu. Alikuwa na karatasi. Jina la baba yake, kijiji alichotoka, mwaka aliofika Mpanda, nyumba alizojenga, mpaka ile ya kwanza aliyoijenga vibaya akairudia bila malipo. Watu wakaguna kwa kicheko cha msibani. Nilimuuliza baadaye kazipata wapi habari hizo. Akasema, "Kijiweni. Nilikuwa namuuliza kidogo kidogo. Mtu akiwa mgeni, lazima awepo mmoja wa kuzitunza habari zake." Baada ya mazishi akakaa na daftari la rambirambi mpaka giza likaingia, anaandika majina na mia tano tano za watu.

Jumamosi asubuhi tulitembea kwenda Milala, yeye na wastaafu wenzake wawili, mmoja alikuwa mtu wa reli na mwingine mtu wa maji. Huo ndio utalii wao. Wanasimama mbali, kwa sababu kiboko si mnyama wa kumzoea, wanahesabu vichwa vinavyoibuka na kuzama, wanabishana hesabu, wanarudi. Njiani wenzake wakatangulia, na mzee akaniambia bila kunigeukia:

"Umetumwa, siyo?"

"Ndiyo, baba."

"Na unaandika."

"Naandika, baba."

Akatembea kidogo. "Hapa naitwa, mwanangu. Zipo siku naitwa mpaka nachoka, natamani nijifungie. Huko kwa wenzio nitaitwa kula tu."

Nikamwambia kuhusu presha, na kuhusu usiku. Ikitokea kitu saa nane za usiku na yuko peke yake ndani, je? Hakunibishia. Akasema usiku ni mrefu, na tangu Mama mkubwa aondoke umerefuka zaidi. Kuna siku anaamka anataka kusema neno, anakumbuka hakuna wa kumwambia. Alisema hivyo kwa sauti ile ile ya kuhesabu viboko. Mchana wake tukaenda mjini, Makanyagio, kwenye kikao cha harusi ya kijana aliyewahi kumfundisha. Akatoa ahadi yake, na kwa kuwa ni Mwalimu akapewa na kazi ya kusoma ratiba.

Jumapili, misa, kisha jumuiya. Wenye kujua jumuiya ndogo ndogo za Kikatoliki wanajua kwamba pale hakuna kujificha, ni nyumba chache na kila uso unafahamika. Walipomaliza sala wakataja wasioonekana. Mmoja kasafiri, mmoja anaumwa, mmoja haijulikani. Yule wa haijulikani wakapangwa watu watatu kwenda kumwona siku hiyo hiyo. Jirani akanisimulia kwamba mwaka jana malaria ilimlaza mzee ndani, hakutokea kijiweni, na kabla ya saa tano asubuhi watu watatu tofauti walikuwa wameshagonga mlango. Wa tatu alikuwa fundi baiskeli, spana bado iko mkononi.

Sasa tuongee pesa, maana ninyi wasomi mnapenda kuishia hapo. Mjadala wa kikokotoo tumeufuata wote. Mwaka 2018 mifuko ikaunganishwa ikazaliwa PSSSF. Zikaja kanuni za kumpa mstaafu asilimia 25 kwa mkupuo, wafanyakazi wakalia, na mwezi Desemba mwaka huo Rais Magufuli akasimamisha. Mwaka 2022 ikaja asilimia 33, na kwenye bajeti ya mwaka 2024 ikapandishwa hadi 40 kwa watumishi wa umma. Ugomvi wote huo ulihusu mkupuo: nyumba, duka, bajaji. Ni haki yao na wala sibezi. Ila daftari langu lina habari nyingine. Ukijumlisha wiki nzima ya baba mkubwa, fedha zilikwenda kwenye kahawa, hisa, mfuko wa jamii, rambirambi, ahadi ya harusi, sadaka, na bodaboda ya kwenda na kurudi. Vyote hivyo vinalipwa na ile pensheni ya mwezi, ile ndogo tusiyoipigia kelele. Nikamuuliza, ikiisha kabla ya mwezi kuisha? "Tarehe hizo sitoki sana. Huwezi kwenda kwa watu mikono mitupu kila siku."

Lisomeni hilo tena. Mzee mwenye pensheni, kadi ya bima na nyumba yake, anapotea mtaani kwa siku kadhaa kila mwezi kwa sababu ya elfu mbili ya mchango. Je, yule mkulima wa mahindi wa jirani, ambaye hakuwahi kuajiriwa na mtu? Zanzibar walianza mwezi Aprili 2016 kumlipa kila mzee wa miaka 70 na kuendelea, awe aliajiriwa au hakuajiriwa, shilingi 20,000 kwa mwezi wakati ule. Watu walicheka, elfu ishirini itafanya nini! Baada ya wiki ile naweza kuwajibu. Inatosha kwenda msibani mara kadhaa ukiwa na kitu mkononi, na kununua kahawa yako mwenyewe. Kwa mzee, hiyo ndiyo tofauti ya kuwepo na kutokuwepo.

Niliporudi tukafanya kikao cha familia kwa simu, na mimi nikawasomea daftari, siku kwa siku. Nawatetea kaka na dada zangu hapa: ni watoto wazuri. Wanaamka saa kumi na moja, foleni inawarudisha saa mbili usiku, na wanataka baba yao awe karibu. Lakini hilo la saa mbili usiku ndilo lililowanyamazisha. Kati ya saa kumi na moja na saa mbili, baba angekuwa na nani? Na geti, na runinga, na dada wa kupika. Kaka mkubwa akauliza swali moja tu: "Hivi huo ufunguo wa sanduku akiondoka anapewa nani?" Tukajua hapo kwamba ameshaamua.

Kwa sasa tumekubaliana hivi. Mzee anabaki Misunkumilo. Mjukuu wa ukoo anayesoma sekondari atahamia kwake, ili usiku pawe na mtu wa kusemeshwa. Mara mbili kwa mwaka anakuja Dar kupimwa, na tiketi ya kurudi inakatwa kabla hajapanda basi, hilo ni sharti lake mwenyewe. Na kila tarehe ishirini watoto wanamtumia kitu kidogo, ambacho kwenye kundi letu la familia tumekipa jina la "mchango wa michango".

Dada yetu hakuridhika. Alisikiliza yote, mwisho akaniambia: "Sawa. Lakini akianguka usiku, usije ukanisomea daftari lako." Sina jibu la hilo, na sidhani kama lipo. Ana haki ya kuogopa. Mimi nilichoweza kumpa ni orodha ya watu watakaogonga mlango asubuhi, na simu ya mjukuu.

Basi ninyi wenzangu mlio na wazee mikoani, na mipango mizuri ya kuwahamishia mjini: kabla hamjapaka rangi hicho chumba, pigeni simu jioni moja. Msiulize anaumwa nini wala amekula nini, hayo mnayauliza kila siku. Muulizeni wiki hii kaitwa wapi. Akianza kuhesabu akashindwa kumaliza, mwacheni alipo, na mtumieni nauli. Akinyamaza, hapo sasa kuna shida, na inaweza kuwa haihitaji chumba chenye choo ndani. Inaweza kuwa inahitaji elfu mbili tu, itakayomfikia kabla ya tarehe za mwisho wa mwezi.